Taa ya oili ni ipi? Kiswahili cha dashibodi na bei ya neno moja

MWALIMU mwenzangu alikuwa akirudi Nairobi kutoka Naivasha jioni moja pale taa ilipowaka kwenye dashibodi ya gari lake. Alifanya jambo ambalo wengi wetu tungefanya. Aliegesha kando ya barabara, akampigia fundi wake simu.

"Fundi, taa ya oili imewaka. Nifanye nini?"

Fundi hakushtuka. Wiki chache awali alikuwa amelifanyia gari hilo servisi, akabadilisha oili na chujio, ila akasahau kukianzishia kikumbusho hesabu mpya. Alijua kwamba siku yoyote kingewaka. "Hiyo isikusumbue, mwalimu," akamjibu. "Hiyo ni ya kukukumbusha tu. Endesha polepole, kesho ukipita hapa nitakufinyia itazimika."

Mwalimu akaendesha. Kabla ya kufika Kimende, injini ilianza kugonga kama debe lililotiwa kokoto. Kisha ikanyamaza, na haikuwaka tena. Akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya karo ya muhula uliofuata iliishia kwenye injini nyingine ya mtumba.

Ilibainika baadaye kwamba nati ya kumwagia oili ilikuwa imelegea, na oili ikawa inadondoka njia nzima. Kosa la nati ni la spana, nami si mtaalamu wa spana. Kosa linalonishughulisha katika safu hii ni la neno, kwa sababu pale kando ya barabara, injini ikiwa bado nzima, neno lingeweza kuiokoa. Mwalimu alisema "taa ya oili" akimaanisha taa nyekundu. Fundi alisikia "taa ya oili" akafikiria taa ya manjano. Wote wawili walikisema Kiswahili wanachokisema watu wote, na wote wawili walisema kweli.

Tuanze na taa zenyewe, maana msamiati hauwezi kunyooka kabla ya vitu vyenyewe kutofautishwa.

Ya kwanza ni ile yenye mfano wa birika lenye mdomo mrefu unaodondosha tone. Wanafunzi wangu huiita taa ya Aladini, na sijaona sababu ya kuwakataza. Birika hilo likiwaka jekundu injini ikiwa inanguruma, maana yake ni kwamba shinikizo la oili, au "presha ya oili" kama mafundi wanavyosema, limeshuka. Oili haisukumwi tena kufika kwenye sehemu zinazosuguana. Chuma kinasaga chuma. Hapa hakuna kuendesha polepole wala kufika nyumbani kwanza. Ni kuegesha mahali salama, kuzima injini mara moja, kungoja kidogo oili itulie, kisha kuchomoa kile kijiti cha kupimia na kuangalia kama kuna kitu. Injini inayozungushwa bila presha ya oili inaweza kuharibika katika muda wa dakika chache tu.

Ya pili ni taa ya servisi. Katika magari mengine huja kwa mfano wa spana. Katika mengine ni maandishi, kama yale "MAINT REQD" ya Toyota nyingi zilizoundwa kwa soko la Marekani. Na katika yenye kioo cha kisasa huwa ni sentensi nzima. Rangi yake kwa kawaida ni ya manjano au ya machungwa. Taa hii haijui lolote kuhusu presha. Inahesabu.

Ya tatu ni ile yenye umbo la injini, ambayo mafundi huiita "taa ya injini". Hiyo inasema kwamba kompyuta ya gari imenasa hitilafu na kuihifadhi kwa nambari maalumu, inayosomwa kwa mashine. Tuiache hapo, ina makala yake.

Alama hizi hazibuniwi ovyo na kila kampuni. ISO, Shirika la Kimataifa la Viwango, lina kiwango nambari 2575 kinachoorodhesha alama za vitufe na taa za magari, na ndiyo maana birika la gari la Ufaransa hufanana na la Japani. Rangi nazo zina utaratibu: nyekundu ni hatari, manjano ni tahadhari, kijani ni kuarifu kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Tena kuna jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kusimama. Katika baadhi ya magari ya Ulaya, birika lilelile huweza kuwaka kwa rangi ya manjano, na hapo maana yake ni kwamba kiwango cha oili kimepungua, uongeze. Rangi inafanya kazi ambayo kiambishi hufanya katika kitenzi chetu. Mzizi ni uleule, umebadilishwa kipande kidogo tu, na ujumbe umekuwa mwingine. Mtu anayesema "birika limewaka" bila kutaja rangi ni kama anayesema "-pig-" akanyamaza. Nani kampiga nani?

Sasa tuje kwa maneno. Mazungumzo yetu ya kila siku yana neno moja, "taa", kwa vitu viwili ambavyo Kiswahili tayari kina majina yake: onyo na kumbusho.

Onyo linatokana na kitenzi "onya", nacho kina udugu wa kale na "ona", kama vile "ponya" ilivyo na "pona". Kuonya ni kumfanya mtu aone. Aone nini? Hatari iliyoko mbele yake sasa. Kumbusho nalo linatokana na "kumbusha", yaani kumfanya mtu akumbuke, kwa kufuata kanuni ileile inayotupa "amsha" kutokana na "amka" na "washa" kutokana na "waka". Kinachokumbushwa ni kitu ambacho mtu alikijua tayari, akakiweka kando. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo tofauti ya taa nyekundu na ya manjano. Lau fundi wetu angeambiwa "onyo la oili limewaka", nina hakika asingesema "endesha".

Kuna tatizo dogo la wingi. Kumbusho liko katika ngeli ya LI-YA, kwa hivyo wingi wake ni makumbusho, nayo makumbusho tumekwisha kuyafanya kuwa jengo la kuhifadhi mafuvu, ngoma na vitu vya kale. "Gari langu lina makumbusho matatu" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini itamfanya msikilizaji atafute tiketi ya kuingilia. Nadhani ndiyo sababu waliotafsiri programu za simu na kompyuta walichagua "kikumbusho", wingi "vikumbusho", katika ngeli ya KI-VI. Chaguo hilo nalikubali. Kiambishi ki- ndicho kinachotupa majina ya vifaa, kama kitufe, kikokotoo na kinasasauti, na taa hii kwa kweli ni kifaa.

Kikumbusho cha nini, basi? Maandishi ya Kiingereza kwenye dashibodi yakitafsiriwa pasi na kufikiri hutoa "Matengenezo yanahitajika". Neno "tengeneza", kwa bahati mbaya, limebeba mizigo mingi mno hapa Kenya. "Gari hili limetengenezwa Japani" linaeleweka kuwa limeundwa huko. "Gari hili limetengenezwa Thika" tunaelewa kwamba lilikuwa limeharibika. Dereva anayesoma "matengenezo" ataanza kutafuta kilichovunjika, ilhali hakijavunjika kitu. "Ukarabati" ni kwa nyumba na barabara zaidi. "Udumishaji" ni sahihi, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitamka gereji akiwa ameshika spana. Mafundi wenyewe husema "servisi": gari limefika servisi, gari halijafanyiwa servisi. Neno limekubali irabu yetu ya mwisho, limekubali sarufi yetu, na maana yake haigongani na neno lingine. Najua wapo wasomaji watakaonilaumu kwa kulipigia debe la mkopo. Hao hao husema breki, gia na betri bila kuona haya.

Kwa hivyo: kikumbusho cha servisi. Na kwa birika jekundu: onyo la presha ya oili.

Nilisema kwamba kikumbusho kinahesabu. Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo waliosoma, hukosea. Wanaamini kwamba ndani ya injini mna kitu kinachoionja oili na kugundua kwamba imechakaa. Katika magari mengi hakuna. Kuna kihesabio kilichoanza kwenye sufuri siku kilipoanzishwa mara ya mwisho, na kikifika umbali fulani taa huwaka. Katika Toyota nyingi za soko la Marekani, taa huanza kumetameta baada ya takriban maili 4,500, na kuwaka bila kuzima kuanzia maili 5,000, ambazo ni kama kilomita 8,000. (Tukio la kawaida: mtu ameagiza gari linalosoma maili, akaambiwa afanye servisi kila 5,000, naye akadhani ni kilomita. Huyo angalau anakosea kwa upande wa usalama. Wa kuogopewa ni yule anayekosea kinyume chake.)

Honda ina mfumo ulio na akili zaidi. Kompyuta hufuatilia jinsi injini inavyotumiwa, joto lake na mizunguko yake, kisha hukadiria maisha ya oili yaliyosalia kwa asilimia. Ikifika asilimia 15, kikumbusho hutokea, asilimia 5, kinasisitiza, sufuri, umechelewa. Hata hivyo, hayo nayo ni makadirio. Mimina oili mpya bila kuanzisha hesabu upya, na bado itakwambia oili imekufa. Anzisha hesabu upya bila kuigusa oili, nayo itakupongeza kwa asilimia 100.

Kihesabio cha kilomita, tena, hakijui kitu kinachoitwa jam. Gari linalokaa saa nzima kati ya Westlands na katikati ya jiji, injini ikiwaka na magurudumu yamesimama, limeichosha oili bila kuongeza hesabu kubwa. Safari fupifupi ambazo injini haipati kupata moto barabara huacha unyevu na mabaki ya petroli ndani ya oili. Hii ndiyo sababu miongozo ya magari hutaja umbali na pia muda, kisha husema "kitakachotangulia". Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo tunayoisahau.

Sasa kitendo chenyewe. Kiingereza kina kitenzi kimoja kifupi kinachotumika kwa simu, nywila, saa na kikumbusho cha gari. Sisi tuna vitenzi vingi, nao hushindana. "Weka upya", "seti upya", "anzisha upya", "rejesha". Gereji utasikia "finya", na "zima hiyo taa".

Ugomvi wangu ni na hili la mwisho. Ukisema "zima taa", shamirisho la kitenzi chako ni taa, na mteja anaelewa kwamba tatizo lilikuwa taa. Kinachobadilishwa hasa ni hesabu. Hesabu ikirudi kwenye sufuri, taa huzimika yenyewe kama matokeo. Fundi akisema "nimeanzisha hesabu upya", mteja mwerevu atauliza: upya kuanzia lini? Kwa nini leo? Je, oili imebadilishwa? "Nimezima taa" haizai swali lolote. Anayeuza gari akijua hajalifanyia servisi kwa mwaka mzima hupenda sana kitenzi kisichozaa maswali.

Katika Toyota nyingi za kitufe cha mita, utaratibu ni huu. Weka swichi bila kuwasha injini, ubonyeze kitufe cha mita hadi kioo kionyeshe safari A. Zima swichi. Bonyeza kitufe kilekile, ukishikilie, na huku umekishikilia rudisha swichi pale kwenye "ON". Usiachilie. Kioo kitaonyesha vistari vinavyopungua kimoja baada ya kingine, au sufuri zilizopangwa safu, na baada ya sekunde kama 5 hadi 10 taa itazimika. Achilia, uwashe injini kuhakikisha. Baadhi ya miundo hutaka odomita ionekane badala ya safari A. Mwongozo wa gari utakuambia. Nissan nyingi za karibuni hazina mchezo huo wa kushikilia. Unaingia kwenye menyu ya kioo, unachagua oili, na mwenye gari hujiwekea mwenyewe umbali anaotaka kukumbushwa.

Maelezo hayo yana mitego miwili ya lugha, nami niliyaandika mara tatu kabla ya kuridhika.

Mtego wa kwanza ni "finya". Kwa Kiswahili sanifu kufinya ni kubana kwa vidole, kama unavyomfinya mtoto mtundu. Kitufe hubonyezwa. Lakini Kenya nzima inafinya vitufe, kuanzia swichi ya stima hadi simu, na sioni kama vita hivyo vitashindwa au vitashinda kwa makala. Lililo muhimu zaidi ni kutofautisha kubonyeza na kushikilia. Wanaoshindwa kuanzisha hesabu upya, aghalabu wamebonyeza wakaachilia. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa unyambuaji. Kutokana na "shika" tunapata "shikia" na "shikilia", na kile kirefusho cha mwisho kinaongeza maana ya kudumu, ya kutoacha. Muda umo ndani ya kitenzi chenyewe.

Mtego wa pili ni mkubwa. "Washa gari." Je, ni kuzungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, au ni kuifanya injini ingurume? Kwetu vyote ni kuwasha. Mtu akisoma "washa gari" katika maelekezo haya, atawasha injini, na hesabu haitafutika hata ashikilie kitufe hadi kidole kife ganzi. Mafundi wamelitatua jambo hili bila kuitisha kongamano: "Weka swichi, usistati." Wenye magari ya kitufe cha kuwashia wakumbuke kwamba katika mengi yao, kubonyeza mara mbili bila kukanyaga breki ndiko kuweka swichi, ukikanyaga breki, umestati.

Jambo hili limenifanya niwaze kuhusu lugha ya gereji kwa jumla. Nenda Grogan, au penginepo pote palipo na mafundi wa jua kali, na utasikia rejeta, klachi, giaboksi, shokomzoba. Sehemu za gari zina majina, na yalipatikana bila kamati, kwa sababu sehemu hushikwa kwa mkono. Unamwonyesha mwanagenzi, unaitaja, anaileta. Kinachokosa majina ni hali. Presha kushuka, hesabu kufutwa, mfumo kulala, hitilafu kuhifadhiwa: hakuna anayeweza kukileta kimojawapo cha vitu hivyo mkononi. Gari la sasa ni kompyuta yenye magurudumu, na habari zake nyingi ni za hali. Hapo ndipo istilahi zetu zinapopwaya, na hapo ndipo fundi na mteja hupotezana kwenye simu.

Wajapani, ambao magari yao ya mtumba yamejaa barabara zetu, walikabiliwa na jambo lilo hilo. Wao huita servisi hii "mentenansu", na kurudisha hesabu kwenye sufuri ni "risetto". Ni Kiingereza kilichovalishwa silabi za Kijapani, konsonanti nyingi zikipewa irabu ya kuegemea, kama tunavyofanya sisi mara nyingi. Lakini kubadilisha oili ni "oiru kokan": oili ni ya mkopo, kubadilisha wamekitumia chao. Hawakuona aibu kuchanganya, na hawakuacha dhana hata moja bila jina.

Sisi tumeyapokea magari hayo pamoja na sauti zake. Kila asubuhi, maelfu ya madereva wa Kenya husalimiwa na mwanamke wa Kijapani punde wanapoweka swichi. Wengi huamini anawatakia safari njema. Katika mengi ya magari hayo anasema kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa kwenye kisomeo chake, kadi ambayo ilibaki Japani. Hilo halina madhara. Ila katika baadhi ya magari, kioo cha ramani nacho huandika kwa Kijapani kwamba muda wa kubadilisha oili umefika, na dereva hubonyeza popote ili kioo kimwondokee, akipata nafasi ya kuona kamera ya nyuma.

Mwenye gari la aina hiyo hana budi kuwa na kikumbusho kingine, na mafundi wetu wamekuwa nacho miaka mingi kabla ya dashibodi kujifunza kusema. Ni kile kikaratasi kinachobandikwa pembeni mwa kioo cha mbele, au kadi inayofungwa kwa waya chini ya boneti, kimeandikwa kwa kalamu: kilomita za leo, kilomita za servisi ijayo. Kinachokosekana mara nyingi ni tarehe. Mwambie fundi aiandike na tarehe pia, na aina ya oili aliyomimina, kisha akuwekee swichi uione hesabu ikianza upya ungali umesimama hapo. Na ukimpigia simu ukiwa barabarani, anza kwa kutaja rangi.